Resi inayosita, shokapu inayodunda: kutafuta chanzo kwenye pikipiki iliyotumika

Pikipiki iliyopita mikononi mwa watu wawili watatu huja na marekebisho yao yote. Mmoja alikaza springi ya nyuma kwa sababu alikuwa akibeba mizigo. Mwingine alifungua skrubu ya kabureta ili injini itulie, kumbe mpira unaounganisha kabureta na injini ulikuwa umepasuka. Wa tatu aliweka jeti (kijitundu cha kupitisha mafuta ndani ya kabureta) kubwa akitafuta nguvu, akapata ulaji wa mafuta. Mnunuzi wa mwisho anakuta kwamba akivuta resi injini inasita kwanza ndipo iondoke, na akipita tuta nyuma inadunda mara tatu kabla ya kutulia.

Kinachopoteza muda na fedha ni kuendelea kugeuza skrubu pale wenzako walipoachia. Sehemu iliyochakaa hairekebishiki. Husafishwa au hubadilishwa, vipimo vinarudishwa vya kiwandani, na hapo ndipo marekebisho yanapoanza. Jambo la pili, ambalo hata mafundi wazuri hulipita haraka, ni kwamba matatizo ya resi na ya shokapu huvaliana nguo. Cheni iliyolegea hufanya kabureta nzima ionekane mbovu. Shokapu iliyokufa humrusha mwendeshaji, mkono wake unavuta na kuachia resi bila yeye kujua, naye anashuka akisema injini inashtuka. Ndiyo maana dalili hapa zimefuatwa jinsi zinavyosikika ukiwa umekaa juu ya pikipiki. Vipimo vinahusu zaidi pikipiki za silinda moja zenye kabureta, za cc 100 hadi 250. Kitabu cha pikipiki yako kikisema tofauti, fuata kitabu.

Kabla ya kushika bisibisi

Pima upepo wa tairi zote mbili zikiwa baridi. Tairi yenye upepo mchache huifanya pikipiki iyumbe na kuwa nzito kwenye kona, na tairi iliyojazwa kupita kiasi hugonga kila kokoto kama vile shokapu hazipo. Watu wamebadilisha shokapu mbili nzuri kwa sababu ya tairi.

Inua gurudumu la nyuma, lizungushe taratibu, na pima ulegevu wa cheni katikati ya sproketi mbili, sehemu nne au tano za mzunguko. Cheni ya zamani huwa na mahali palipokaza na mahali palipolegea, na kipimo kinachohesabika ni cha pale palipokaza zaidi. Kwa pikipiki nyingi ndogo za barabarani ulegevu ni milimita 20 hadi 30. Tofauti kati ya palipokaza na palipolegea ikizidi milimita 10 hivi, cheni imekwisha. Ibadilishe pamoja na sproketi zake, kwa sababu meno ya zamani hula cheni mpya.

Kisha waya wa resi. Mkono wa resi unatakiwa uzunguke milimita 2 hadi 6 bila kuvuta kitu, ndipo waya ushike. Ukiuachia kutoka mwisho, urudi wenyewe kwa kishindo kidogo, usukani ukiwa umenyooka, umekata kulia na umekata kushoto. Washa injini, iache ingurume taratibu, kata usukani pande zote mbili. Mngurumo ukipanda, waya umebanwa au umepitishwa njia fupi. Hiyo si kasoro ndogo, maana siku moja resi itajivuta yenyewe katikati ya kona.

Malizia na vitu vya kawaida: chujio la hewa safi, petroli isiyolala miezi kwenye tanki, plagi yenye nafasi sahihi (mara nyingi milimita 0.6 hadi 0.8), na tapeti (nafasi za valvu) zilizopimwa injini ikiwa baridi kabisa. Tapeti zilizobana ni chanzo kinachosahaulika sana cha injini isiyotulia. Valvu haifungi vizuri, mgandamizo unapungua, na hakuna skrubu ya kabureta inayoweza kulifidia hilo. Injini nyingi ndogo zinataka nafasi kati ya milimita 0.05 na 0.10, lakini namba kamili itoke kwenye kitabu.

Andika kila ulichokikuta kabla ya kukigusa. Skrubu ya kabureta ilikuwa imefunguliwa mizunguko mingapi? Ifunge polepole ukihesabu mpaka iguse, usiikaze, maana ncha yake hupinda na kuharibu kiti chake moja kwa moja. Kipini cha sindano ya kabureta kilikuwa mfereji wa ngapi? Springi za nyuma zilikuwa ngazi ya ngapi? Karatasi hiyo ndiyo njia yako ya kurudi.

Inashtuka ukivuta au ukiachia resi, lakini injini inanguruma vizuri

Dalili hii hupelekwa kwenye kabureta kila mara, na mara nyingi kabureta haina kosa. Zima injini, weka gia ya kwanza, achia klachi, kisha isukume pikipiki mbele na nyuma kwa mkono. Ukisikia "tak" na kuona pikipiki inatembea sentimita kadhaa kabla ya injini kushika, huo ndio mshtuko unaousikia barabarani. Ukivuta resi, ulegevu wote unakusanyika upande mmoja na kugonga. Ukiachia, unagonga upande wa pili.

Tafuta ulegevu huo uko wapi. Cheni tumeshaizungumzia. Kinachofuata ni raba zilizo ndani ya habu ya gurudumu la nyuma, zile zinazokaa kati ya sproketi na gurudumu. Shika gurudumu lisizunguke, kisha jaribu kuizungusha sproketi huku na huku. Ikicheza waziwazi bila kukutana na ugumu wa raba, fungua utazame. Raba mpya huingia kwa kusukumwa, iliyokufa hudondoka yenyewe ukigeuza habu, ikiwa na kingo za mviringo na unga mweusi. Kuna wanaojaza kipande cha tyubu ya baiskeli pembeni ya raba. Kinasaidia kufika nyumbani, lakini husogea na kuipeleka sproketi upande.

Angalia pia bushi za swingiamu, yaani mkono wa chuma unaoshika gurudumu la nyuma. Gurudumu likiwa juu, shika mwisho wa swingiamu uuvute kushoto na kulia. Haitakiwi kucheza hata kidogo. Ikicheza, gurudumu la nyuma linageuka kidogo kila unapovuta resi, na utahisi mshtuko na myumbo kwa wakati mmoja.

Usikaze cheni kupita kipimo ili kuondoa mshtuko. Swingiamu inapopanda, ekseli ya nyuma huenda mbali na sproketi ya mbele mpaka vitu vitatu, yaani sproketi hiyo, bawaba ya swingiamu na ekseli, vikae kwenye mstari mmoja. Hapo ndipo cheni inapokaza kuliko mahali pengine popote. Kama ilikuwa imekaza tangu mwanzo, cheni ndiyo inayozuia shokapu isishuke, na nguvu yote ya shimo inaingia kwenye beringi ya gia. Mtu mzito akae juu ya kiti, mwingine aiguse cheni. Lazima ibaki na ulegevu.

Kabureta: jua kwanza ni robo gani ya resi

Kabureta ya slaidi, yaani kizibo kinachoinuliwa na waya wa resi, ina njia kadhaa za mafuta, na kila njia inatawala sehemu yake ya resi. Ukijua tatizo liko wapi kwenye mzunguko wa mkono, umeshajua ni sehemu gani ya kushika. Bandika utepe kwenye mkono wa resi na mwingine pembeni yake, chora alama za kufunga, robo, nusu, robo tatu na mwisho. Panda barabara moja, gia ileile, ushikilie kila alama kwa sekunde kadhaa.

Kuanzia kufunga hadi kama moja ya nane, jeti ndogo na skrubu ya mchanganyiko ndizo zinazotawala. Kutoka hapo hadi robo ni mkato wa chini wa slaidi. Robo hadi robo tatu ni sindano na tundu lake. Kuanzia robo tatu hadi mwisho ni jeti kubwa. Mipaka hii huingiliana, ndiyo sababu marekebisho huanza na jeti kubwa, yakafuata sindano, na skrubu ya mchanganyiko ikamalizia. Anayeanza na skrubu hurudi kuirekebisha upya kila anapobadilisha kingine.

Kujua kama mafuta ni machache au ni mengi, tumia choki, ambayo huongeza mafuta kwenye mchanganyiko. Injini ikiwa ya moto, endesha kwenye alama inayosumbua kisha vuta choki nusu. Hali ikiwa nzuri zaidi, mafuta yalikuwa machache. Ikizidi kuzubaa na kutoa moshi mweusi, yalikuwa mengi. Jaribio hili halihitaji hata spana moja, na linajibu swali ambalo watu hulibishania saa nzima.

*Haitulii silensa, au inazimika ukiachia resi.* Silensa, yaani mngurumo wa injini bila kuvuta resi, kwa injini nyingi ndogo ni mizunguko 1,300 hadi 1,500 kwa dakika. Pikipiki iliyosimama muda mrefu na petroli ndani yake karibu kila mara imeziba jeti ndogo. Petroli hukauka ikaacha gundi ya rangi ya asali, na tundu la jeti ndogo mara nyingi halifiki nusu milimita. Itoe, ielekeze kwenye mwanga. Utaona ama nukta ya duara iliyo wazi, ama mwezi mwandamo, ama giza. Mwezi mwandamo ndio hatari, kwa sababu ukiipuliza hewa inapita na unadhani ni safi. Iloweke kwenye dawa ya kusafishia kabureta, ipulize kwa kompresa, na kama haifunguki pitisha unywele mgumu wa brashi ya nailoni. Usitumie waya wa chuma. Shaba ya jeti ni laini, na tundu likipanuka kidogo tu jeti hiyo imegeuka kuwa ya namba nyingine usiyoijua. Safisha pia vijitundu vidogo ndani ya koo la kabureta, karibu na ukingo wa slaidi. Wengi husafisha jeti na kuviacha hivyo.

*Inakohoa au kuzubaa ukivuta resi ghafla, na ukiachia mngurumo unachelewa kushuka.* Dalili hizi mbili zikienda pamoja, shuku hewa inayoingia nyuma ya kabureta. Mpira unaoishika kabureta hupasuka kwa chini, mahali jicho halifiki, na nyufa hufunguka tu injini inapotikisika. Nyunyizia maji kwa chupa ya kupulizia kuzunguka mpira na gasketi zake injini ikiwa inanguruma. Mngurumo ukibadilika, umepata. Kuna wanaotumia petroli au dawa ya kabureta kwa jaribio hili, juu ya ekzosi ya moto. Maji yanatosha.

Kama hewa haiingii, rudi kwenye skrubu. Hapa kuna mtego. Skrubu iliyo upande wa chujio hupitisha hewa, kwa hiyo kuifungua ni kupunguza mafuta. Iliyo upande wa injini hupitisha mchanganyiko wenye mafuta, na kuifungua ni kuyaongeza. Tambua yako kabla ya kuigeuza. Anza na mzunguko mmoja na nusu kutoka kufungwa. Injini ikiwa moto kabisa, geuza robo mzunguko, subiri sekunde kumi, sikiliza. Tafuta mahali mngurumo unapokuwa juu na laini zaidi, kisha ushushe kwa skrubu ya silensa. Kama mahali pazuri panapatikana chini ya mzunguko mmoja au zaidi ya mizunguko mitatu, skrubu haina kosa. Jeti ndogo ndiyo si ya namba sahihi, au bado ni chafu.

*Katikati ya resi inavuta kwa kusitasita, au inakula mafuta bila sababu.* Sindano hushikwa na kipini kidogo juu, kwenye mifereji ambayo mara nyingi ni mitano. Kuhamisha kipini mfereji mmoja juu hushusha sindano na kupunguza mafuta. Kukihamisha chini huinua sindano na kuyaongeza. Hatua moja kwa wakati mmoja. Lakini kwenye kabureta iliyotembea kilomita nyingi, toa sindano uitazame pembeni mwa dirisha. Ukiona mstari uliong'aa upande mmoja, imekuwa ikisugua tundu lake, na tundu hilo limeshakuwa la yai. Mafuta yanapita pembeni, na hakuna mfereji utakaoyazuia. Badilisha sindano na tundu lake kama jozi.

*Ukivuta mpaka mwisho nguvu inaisha.* Tenganisha mambo mawili. Ikikosa nguvu papo hapo unapofika mwisho wa resi, jeti kubwa ndiyo mshukiwa. Ikienda vizuri mita mia kadhaa ndipo ianze kufa, na ukiachia kidogo inafufuka, bakuli la kabureta linakauka. Toa bomba la petroli, lielekeze kwenye chupa, fungua koki. Mafuta yanapaswa kutoka kwa mkondo usiokatika. Kama yanadondoka, safisha kichujio cha koki. Kama yanaanza vizuri kisha yanapungua, fungua kifuniko cha tanki. Mkondo ukirudi, kitundu cha hewa cha kifuniko kimeziba. Halafu pima kimo cha boya ndani ya kabureta, lile linalofunga mafuta bakuli likijaa. Boya lililopindwa na fundi aliyepita huharibu robo zote za resi kwa pamoja, na hilo huwavuruga wengi.

Ukilazimika kubadilisha jeti kubwa, anza na kubwa kuliko unavyodhani inahitajika, ushuke namba moja moja. Mafuta yakizidi, injini inazubaa na plagi inakuwa na masizi makavu. Yakipungua sana ukiwa na resi wazi, pistoni inachemka na inaweza kutoboka, na injini hukimbia vizuri ajabu dakika chache kabla ya hapo. Usisome plagi baada ya kuingia taratibu kwenye foleni. Endesha na resi wazi, vuta klachi, zima hapohapo, ndipo uitoe. Na namba za jeti za Keihin hazilingani na za Mikuni, kwa hiyo jeti ya namba ileile kutoka kampuni nyingine ni tundu jingine.

Ukihamia mahali pa juu sana kutoka usawa wa bahari, hewa huwa nyepesi, karibu asilimia 10 kwa kila mita 1,000, na mafuta yanaonekana kuzidi bila mtu kugusa kitu. Kwenye baridi kali ni kinyume.

Kabureta yenye slaidi inayoinuliwa na mvuto wa hewa badala ya waya ina ngozi nyembamba ya mpira juu. Tundu dogo kwenye ngozi hiyo huifanya slaidi isipande, na pikipiki inakuwa na silensa nzuri lakini haivuki mwendo wa kati. Inyooshe ngozi mbele ya taa utazame. Kwa injini za injeksheni, safisha koo la hewa na kagua nyaya za kihisi cha resi kabla ya kununua chochote.

Shokapu: pima kabla ya kukaza

Kipimo cha kwanza ni mzamo, yaani pikipiki inashuka kiasi gani kwa uzito. Simamisha pikipiki gurudumu la nyuma likiwa hewani, pima kutoka katikati ya ekseli hadi alama uliyoibandika juu yake wima kwenye bodi. Tuseme ni milimita 520. Ishushe chini, ibonyeze mara moja, pima bila mtu: 508. Kisha mwendeshaji akae na nguo zake za safari, miguu juu, mwingine akiishika isianguke: 490. Mzamo wa pikipiki peke yake ni 12, na wa pamoja na mwendeshaji ni 30. Kwa matumizi ya barabarani mzamo wa mwendeshaji unafaa uwe robo hadi theluthi ya mwendo wote wa gurudumu la nyuma kupanda na kushuka, na pikipiki peke yake lazima izame kidogo, kama milimita 5 hadi 15. Kama kawaida unabeba abiria, pima na abiria.

Kukaza springi kwa pete au ngazi hakuifanyi iwe ngumu zaidi. Kunainua pikipiki tu. Kutoka hapo unapata jibu ambalo huwashangaza watu. Ukikaza mpaka mzamo wa mwendeshaji uwe sawa, kisha ukute pikipiki peke yake haizami kabisa, springi ni laini mno kwa uzito wako. Umeibana mno ili ikubebe. Ikiwa mzamo wa mwendeshaji ni sawa lakini pikipiki peke yake inazama sana, springi ni ngumu mno. Kwenye pikipiki yenye shokapu mbili nyuma, ngazi za pande zote ziwe sawa, la sivyo swingiamu inajipinda.

*Nyuma inadunda zaidi ya mara moja.* Bonyeza kiti kwa nguvu uachie. Kinatakiwa kipande mara moja na kutulia. Kikipanda, kikashuka na kupanda tena, oili ndani ya shokapu imekwisha kazi au imevuja, na kinachobaki ni springi peke yake. Tazama fimbo ya shokapu kwa ukungu wa mafuta na vumbi lililoganda. Kukaza springi hapa huzidisha hali, kwa sababu springi iliyobanwa hurudi kwa nguvu zaidi na hakuna kinachoizuia. Shokapu za kawaida za pikipiki ndogo hazifunguliwi, hubadilishwa mbili kwa pamoja. Zenye gesi zina naitrojeni iliyoshindiliwa, kwa hiyo usizitoboe wala kuzichomelea.

*Nyuma inazama taratibu kwenye mashimo yanayofuatana.* Tuta la kwanza ni sawa, la pili gumu kidogo, la tatu linakupiga mgongo. Springi laini hufanya hivi, na shokapu inayorudi polepole mno pia hufanya hivi, maana haijapanda inapokutana na tuta jingine. Mzamo ukiwa sahihi, kosa ni la kurudi. Kama shokapu ina skrubu ya kurudi, fungua klika mbili ujaribu tena mahali palepale.

*Nyuma ni ngumu hata kwenye kokoto, ingawa springi ni laini.* Kwenye pikipiki ya shokapu moja, shuku viungo vya chini. Beringi zake hukauka na kushika kutu, hasa kwa pikipiki inayooshwa kwa maji ya presha. Ondoa boliti ya chini ya shokapu, inua gurudumu kwa mkono. Linapaswa kupanda na kushuka kama mlango uliotiwa mafuta.

*Mbele inazama yote ukishika breki.* Mara nyingi ni oili ya shokapu za mbele, ambayo wenye pikipiki wengi hawajawahi kuibadilisha. Ukiimwaga utaijua, kwa sababu hutoka ya kijivu, ina chembe zinazometa na harufu ya samaki aliyeoza. Legeza vifuniko vya juu kabla ya kuzitoa shokapu kwenye yoki (vishikizi vyake chini ya usukani), vifungue mwisho kwa uangalifu kwani springi inasukuma, mwaga, kisha bonyeza na kuvuta shokapu mara kumi na tano ili iliyojificha itoke. Jaza oili ya shokapu ya uzito ulioandikwa kwenye kitabu, mara nyingi 10W. Oili ya injini ya 20W-50 ni nzito mno kwa kazi hii.

Usiamini ujazo peke yake, maana huwezi kujua ni kiasi gani kilibaki ndani. Shokapu ikiwa imebonyezwa hadi mwisho na springi imetolewa, pima kutoka mdomo wa juu hadi kwenye oili. Pande mbili zisitofautiane zaidi ya milimita moja au mbili. Nafasi ya hewa iliyobaki juu ni springi ya pili. Oili ikipandishwa milimita 10, mwanzo wa mwendo haubadiliki sana, lakini mwisho unakuwa mgumu zaidi. Kwa hiyo mbele inayogonga mwisho tu, huku iko sawa kwingine, huhitaji kimo cha oili. Inayozama tangu mwanzo huhitaji springi. Inayodunda huhitaji oili nzito kidogo.

Funga kamba nyembamba ya plastiki kwenye bomba la shokapu ya mbele, iguse sili (mpira unaozuia oili isitoke), uiendeshe siku nzima. Mahali kamba iliposukumwa ndipo shokapu ilipofika. Ikibaki mbali na mwisho hata baada ya shimo kubwa, mbele ni ngumu mno. Ikifika mwisho kila safari, ni laini mno.

*Oili inavuja mbele.* Kabla ya sili mpya, inua kifuniko cha vumbi, kata ukanda wa plastiki laini wa chupa, uupitishe chini ya mdomo wa sili kuzunguka bomba lote. Mara nyingi mchanga uliokwama ndio uliofungua njia. Ikiendelea, pitisha ukucha kwenye bomba kwa urefu. Ukucha ukinasa kwenye tundu la kutu, sili mpya itakatwa wiki hiyohiyo. Vijitundu vidogo vinaweza kulainishwa kwa msasa wa maji wa 1000 au zaidi. Vyenye kina kirefu vinataka bomba jingine. Oili ikifika kwenye pedi za breki, pedi hizo ni za kutupa.

*Mbele inakwama, haishuki kwa ulaini.* Legeza nati ya ekseli, bonyeza usukani mara tano sita ili shokapu mbili za mbele zijipange, kaza tena. Bado? Toa mabomba, uyaviringishe juu ya kioo cha meza. Lililopinda litaonyesha mwanga chini yake. Na gurudumu likiwa juu, geuza usukani polepole sana. Ukihisi unaingia kwenye kijishimo pale unaponyooka, beringi za usukani zimekufa, na hakuna shokapu itakayoondoa myumbo huo.

Jaribio la mwisho

Tumia kipande kimoja cha barabara chenye tuta, kona na sehemu ya kuvuta resi yote. Badilisha kitu kimoja, pita, andika, rudi. Ukibadilisha viwili, ukapata nafuu, hujui ni kipi kilichosaidia, na huenda kimoja kimeharibu huku kingine kikifidia.

Ukimaliza shokapu, rudi kwenye cheni. Kimo cha nyuma kimebadilika, na ulegevu uliopima mwanzo si ule tena. Mwanga wa taa ya mbele nao umepanda au umeshuka kwa sababu hiyohiyo, kwa hiyo simamisha pikipiki mbele ya ukuta, mwendeshaji akiwa juu yake, uupange upya kabla ya safari ya usiku.